UZI: "Expire" maana yake ya kwanza ni kutoa pumzi. Tuupitie ukoo mzima wa neno hili

Wakuu, habari za muda huu.

Neno "expire" hakuna asiyelijua. Mwenye duka anageuza paketi ya maziwa kutafuta EXP, trafiki anamwambia dereva leseni yake ime-expire, kijana analalamika bando lime-expire kabla hajalimaliza. Limezoeleka mpaka tunalinyambua kama kitenzi cha kwetu. Halafu mwanafunzi wa kidato cha pili anafungua kitabu cha Biolojia, mada ya ubadilishanaji wa gesi, anakuta "inspiration" na "expiration" zimetajwa kuwa hatua mbili za kupumua. Inspiration anayoijua ni ya wahamasishaji, na expiration anayoijua ni ya mkate. Basi anakariri ajibie mtihani, yakishapita yamepita.

Mimi ni mwalimu na jambo hili linaniuma, kwa sababu neno hili lina mantiki iliyonyooka kabisa na mtoto akionyeshwa mara moja hasahau. Kitabu cha Biolojia ndicho kinachotumia maana ya zamani. Mkate umekuja nyuma sana.

Mzizi wenyewe

Kilatini kina kitenzi "spirare", yaani kupumua, au kuvuma kama uvumavyo upepo. Ukitanguliza "ex", yaani nje, unapata "exspirare", kutoa pumzi. Herufi x tayari ina sauti ya s ndani yake, kwa hiyo s ya pili ikamezwa. Wafaransa walilirithi, na Waingereza wakalichukua kwao mnamo mwaka 1400 hivi. Hapo Kifaransa kilikuwa kimeshakaa zaidi ya karne tatu katika ikulu na mahakama za Uingereza, tangu Wanormani walipoiteka nchi hiyo mwaka 1066, na maneno mengi ya sheria, dini na elimu yaliingia Kiingereza kwa mlango huo.

Maana ya kwanza, basi, ni kutoa hewa mapafuni. Ya pili ni kufa, kwa kuwa anayekufa hutoa pumzi ambayo hairudi tena. Hii Warumi wenyewe walikuwa nayo. Ya tatu, ambayo Waingereza walishaanza kuitumia katika karne ya 15, ni ya muda kufika ukomo: mkataba wa shamba, kipindi cha uongozi, ruhusa iliyotolewa kwa siku kadhaa. Kutoka kwenye mkataba kwenda kwenye pasipoti, na kutoka pasipoti kwenda kwenye boksi la dawa, hakuna umbali.

Anayetaka kuiona maana ya pili kwa macho yake afungue Injili ya Marko 15:37, pale msalabani. Kigiriki kimeandika "exepneusen", na ukilivunja neno hilo unapata "ek", nje, na "pneo", napumua. Kilatini cha Jerome, mtafsiri wa Biblia wa mwishoni mwa karne ya 4, kinasema "expiravit". Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611 inasema "gave up the ghost", na ghost hapo si mzimu wa kutisha watoto, ni roho, kwa maana ya zamani ya neno hilo. Biblia yetu ya Union inasema "akakata roho". Lugha nne, na zote zimepita njia moja: uhai ni pumzi, na kufa ni pumzi kutoka.

Kwa nini "ex" inafaa kwa kifo

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wanafunzi wangu huwa wanachangamka.

Chukua chupa tupu ya maji ya lita moja na nusu, kata kitako chake. Funga puto kwenye ncha ya mrija, upitishe mrija kwenye tundu la kizibo puto likiwa ndani, kisha uzibe pembeni mwa tundu kwa gundi au nta hewa isipenye. Kule chini ulikokata, tandaza kipande cha puto jingine, ukikaze kwa mpira. Sasa shika kile kipande cha chini ukivute taratibu. Puto la ndani linajaa lenyewe bila mtu kupuliza. Achia. Linanywea.

Kile kipande cha chini ndicho kiwambo (kwa Kiingereza diaphragm), ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Kukivuta kunahitaji nguvu, na hiyo ndiyo inspiration: msuli unafanya kazi, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Kuachia hakuhitaji nguvu yoyote, na hiyo ndiyo expiration ya mtu aliyetulia: msuli unalegea, mapafu yanarudi kwenye umbo lake, hewa inatoka. Mtu mzima aliyekaa kwa utulivu huingiza na kutoa kama mililita 500 kila pumzi. Hewa anayovuta ina oksijeni karibu asilimia 21. Anayotoa ina kama 16, na kabonidayoksaidi inapanda kutoka asilimia 0.04 hadi kama 4.

Mtoto akizaliwa, mapafu yake huanza kazi kwa kuvuta hewa ndani. Mtu akifariki, misuli inalegea na hewa inatoka. Waliolipa tendo hilo jina la "expirare" walikuwa wamekaa kando ya vitanda vya wagonjwa wao wakaona.

Ndugu zake

"Inspire" ni kupulizia ndani. Lilipoingia Kiingereza katika karne ya 14 lilikuwa neno la dini: Mungu kumpulizia mtu roho au maneno yake. Ndiyo maana manabii huitwa "inspired". Habari ya msanii kupata wazo, au mhamasishaji kusimama jukwaani, ni matumizi yaliyopanuka kutoka hapo.

"Respire" ni kupumua tena na tena. Wanafunzi, hapa kuwa waangalifu: katika Biolojia ya leo "respiration" ni kazi ya kikemikali inayofanyika ndani ya seli, ya kupata nishati kutoka kwenye chakula. Kuvuta na kutoa hewa kifuani kunaitwa "breathing" au "ventilation". Wengi wanapoteza alama hapo.

"Perspire" ni kupumua kupitia ngozi, yaani kutoka jasho. "Transpire" ni kupumua ng'ambo, mvuke kupenya na kutoka nje, ndiyo ile transpiration ya majani ya mimea. Hili lina safari nzuri. Mvuke ukipenya, hata siri inaweza kupenya. Hivyo katika karne ya 18 Waingereza wakaanza kusema jambo "limetranspire", yaani limevuja likajulikana. Baadaye likaanza kutumika kwa maana ya "limetokea" tu, na wasomi wa Kiingereza wakagombana juu ya hilo kwa vizazi. Mimi nafuata maana ya kuvuja. Ina picha ndani yake, ile nyingine haina.

"Conspire" ni kupumua pamoja. Kwa Warumi lingeweza kuwa jambo jema kabisa, watu au sauti kupatana, au baya, watu kukaa karibu hadi pumzi zao zinachanganyika wakipanga la siri. Kiingereza kimebaki zaidi na lile baya, ambalo sisi tunaliita kula njama.

"Aspire" ni kupulizia kuelekea kitu, ndipo likaja kuwa kutamani kufikia jambo la juu.

Na "spirit" ndiyo pumzi yenyewe, roho. Wale wa kale waliokuwa wakichemsha vitu na kunasa mvuke wake waliuita ule mvuke spirit, maana ni kitu chepesi kinachoondoka kwenye kitu kizito. Kwa njia hiyo pombe kali zinaitwa "spirits", na hospitalini nesi anakupaka spiriti kabla ya sindano.

Kwetu je?

Huwa nawaambia wanafunzi wasione haya ni maajabu ya Ulaya. Tunasema pumzi, pumua, pumzika, na pumu, yote yametoka chungu kimoja. Tuna upepo na pepo, neno la Kibantu lenye hewa inayovuma upande mmoja na kiumbe asiyeonekana upande wa pili. Kutoka Kiarabu tumepata roho, ambayo huko kwao "ruh" ni jamaa wa "rih", upepo. Tumepata nafsi, na pia nafasi, ambayo kwa Kiarabu "nafas" ni pumzi: mwenye nafasi ni mwenye pa kupumulia. Kiebrania kina "ruach", upepo na roho kwa pamoja. Kigiriki kina "psyche", roho, kutoka kitenzi cha kupuliza, nasi tunalo kwenye saikolojia. Hata "animal" ya Kiingereza imetoka Kilatini "anima", pumzi: mnyama ni kiumbe mwenye pumzi.

Mwalimu akiandika "expiration" ubaoni, aandike na "kukata roho" pembeni. Mtoto ataelewa papo hapo, kwa kuwa vifaa vyote anavyo tayari nyumbani kwao.

Karibuni kwa maswali na nyongeza.

---

nesi_zamu_ya_usiku:

Mwalimu, ahsante sana. Niongezee la wodini. Sisi maana ya kwanza bado tunaishi nayo kila siku. Mgonjwa wa pumu anapobanwa watu hudhani anashindwa kuvuta hewa, kumbe shida yake kubwa huwa kuitoa. Njia za hewa zimebana na zina ute, hewa inaingia halafu inanaswa ndani. Ndiyo maana ule mluzi wa kifuani unausikia zaidi anapotoa pumzi, na muda wa kutoa unarefuka. Kwenye mafaili tunaandika "prolonged expiration". Na mashine ya kupumulia ina kipimo kinaitwa PEEP, herufi moja wapo ni ya "expiratory": presha inayobakizwa mwisho wa kutoa pumzi ili vifuko vya hewa visijifunge.

Ombi kwa mwenye mgonjwa wa pumu nyumbani: akibanwa mkalishe wima, mwinamishe mbele kidogo, mpe dawa yake ya kuvuta. Usimlaze chali. Akiwa hawezi kumaliza sentensi moja, hiyo ni hospitali bila kusubiri.

---

mleta uzi:

Shukrani sana dada, hilo la kutoa hewa wengi hatulijui. Nalo lina historia. Kipimo cha kupulizia kwenye mashine, ambacho kinaitwa "spirometer" kwa mzizi uleule, kilielezwa mwaka 1846 na daktari wa Uingereza aliyeitwa John Hutchinson. Alipima watu zaidi ya 2,000, mabaharia, askari, polisi, mabondia, akaonyesha kwamba kiasi cha hewa mtu anachoweza kutoa baada ya kuvuta yote kinaendana na urefu wake, na kinapungua anapougua kifua. Alikiita "vital capacity", uwezo wa uhai. Mpaka leo madaktari wanamwambia mgonjwa avute mpaka mwisho, apulize kwa nguvu zote, kisha wanaangalia ametoa kiasi gani katika sekunde ya kwanza. Kwa mapafu yaliyoziba, kinachotoka sekunde hiyo hakifiki asilimia 70 ya hewa yote anayoweza kutoa.

---

bongo_lala_macho:

Mkuu, "inhaler" na "exhale" nazo zinaingia ukoo huu? Maana ni za pumzi pia.

---

mleta uzi:

Ni majirani, si ndugu. Hizo zimetoka kitenzi kingine cha Kilatini, "halare", nacho ni kutoa pumzi au harufu. Pumzi yenyewe iliitwa "halitus", na madaktari wa meno wakisema "halitosis" wanamaanisha harufu mbaya ya kinywa. Katika Kiingereza cha kila siku, "exhale" ndilo lililochukua kazi ya kutoa pumzi, "expire" likabaki na kifo na tarehe. Biolojia na udaktari ndio waliobaki na maana ya zamani.

Na kwa kuwa ni swali la watu wengi: "spire", ule mnara mchongoko wa kanisa, haumo. Ni neno la Kiingereza cha kale, lilikuwa linamaanisha bua au chipukizi. "Spiral" nayo haimo, imetoka neno la kitu kilichojikunja. Kufanana herufi hakutoshi.

---

mwana_mvita:

Nduguyo niko Mombasa. Umetaja "aspire" ukapita mbio, na hapo ndipo penye utamu wetu watu wa pwani. Wataalamu wa lugha wana "aspirated", konsonanti inayotoka na pumzi. Sisi huku tunayo hai. Paa wa mwituni ana pumzi, paa la nyumba halina. Kaa wa baharini ana pumzi, kaa la moto halina. Tembo mnyama ana pumzi, tembo la mnazi halina. Weka kiganja mbele ya mdomo useme yote mawili, utaisikia pumzi kwa moja, kwa jingine huisikii. Maandishi ya leo hayaonyeshi, kwa hivyo mtoto aliyejifunzia Kiswahili vitabuni hazijui. Nasikitika nikiona hata vijana wa hapa Mji wa Kale zinawatoka.

---

mleta uzi:

Kaka, hii ni nyongeza ya thamani kuliko nusu ya uzi wangu. Kwa wa bara wasioelewa: "aspirate" ni kupulizia, na konsonanti hizo zinaitwa hivyo kwa sababu hewa inasukumwa nyuma yake. Jambo la kuzingatia ni kwamba huko Mvita na Lamu pumzi hiyo inatenganisha maana. Inabeba kazi ileile inayobebwa na herufi. Nakuomba, ukiweza, rekodi sauti za wazee wakiyatamka hayo maneno mawilimawili na uziweke hapa, tuwasikilizishe wanafunzi.

---

duka_la_dawa:

Mimi nataka kurudi kwenye tarehe, maana ndiyo watu wanaisoma vibaya. Boksi likiandikwa EXP 06/2027, dawa inatumika hadi siku ya mwisho ya mwezi wa sita, si tarehe mosi. Pili, tarehe hiyo ni ahadi ya kiwanda kwa dawa iliyofungwa na kutunzwa inavyotakiwa. Ukishafungua, kuna saa nyingine inaanza. Matone ya macho mengi ni siku 28 baada ya kufungua, hata kama chupa inasema mwaka kesho. Dawa ya unga ya watoto ukishaichanganya na maji ni siku 7 hadi 14, soma kibandiko.

Kule Marekani tarehe hizi zikawa lazima kwa dawa mwaka 1979. Kuanzia 1986 jeshi lao na mamlaka ya dawa wakawa wanapima akiba zao zilizofikia tarehe, na matokeo yaliyochapishwa 2006, kwa dawa 122, yalionyesha asilimia 88 ya shehena zilistahili kuongezewa muda. Lakini zile zilitunzwa kwenye maghala yenye kiyoyozi, hazijafunguliwa. Dawa iliyokaa juu ya kabati chini ya bati haihusiki na utafiti ule. Insulini, na dawa za moyo za kuweka chini ya ulimi, usibahatishe hata siku moja. Na tetrasaiklini (aina ya antibiotiki) za zamani zilizoharibika zilishaumiza figo za watu. Muda ukiisha, rudisha duka la dawa au kituo cha afya.

---

mleta uzi:

Mkuu umesema vizuri. Na kwenye chakula watu wachukulie maneno mawili tofauti: "use by" ni ya usalama, ikipita usile. "Best before" ni ya ubora, ikipita ladha au ukakavu unapungua, ila si lazima kiwe sumu. Biskuti na nyama ya kusaga haziwezi kusomwa kwa jicho moja.

---

kidato_cha_pili:

Mwalimu shikamoo. Naomba kuuliza, kwenye mtihani niandike "expiry" au "expiration"? Na kama swali linasema "describe the mechanism of expiration", nikiandika kuhusu diaphragm tu nitapata?

---

mleta uzi:

Marahaba mwanangu. Kwa tarehe, Waingereza husema "expiry", Wamarekani "expiration". Kwa kupumua ni "expiration" pekee, "expiry" usiitumie hapo.

Diaphragm tu haitoshi. Andika kwa mpangilio: misuli ya katikati ya mbavu, ile ya nje, inalegea, mbavu zinashuka na kuingia ndani, diaphragm inalegea na kupanda juu, inarudi umbo la kuba, nafasi ndani ya kifua inapungua, presha ya hewa ndani inazidi ya nje, hewa inatoka. Ukisahau hatua ya presha unapoteza alama, maana presha ndiyo inayosukuma hewa. Andika kwa Kiingereza, halafu nitumie majibu yako hapahapa niyasahihishe.